Klabu ya Migongo

Mimi ni kinyozi, na kinyozi analipwa kwa kutazama. Siku nzima natazama visogo vya watu, shingo za watu, nyuso za watu kwenye kioo. Kwa hiyo nasema kama mtu anayeijua kazi yake: kuna macho ya kutazama na kuna macho ya kumla mtu. Binti yangu ameliwa na hayo ya pili tangu alipoanza kutembea. Akijitupa chini dukani kwa sababu mtu kawasha mashine, macho. Akiziba masikio na kupiga yowe njiani, macho. Na baada ya macho unafuata ushauri. Sijaona hospitali yenye wataalamu wengi kama foleni ya dukani siku mtoto wangu anapolia. Mmoja atasema mchapeni, mwingine atasema karogwa, na wa tatu, ambaye hajawahi kulea hata paka, atasema ni malezi.

Binti huyo tulimwita Bosi. Maneno alikuwa nayo machache, na hayo yenyewe aliyatoa kwa ubahili, lakini amri hazikumpungukia. Akitaka maji anakuja, anakukamata kifundo cha mkono, anakuburuta hadi bombani na kuuweka mkono wako juu ya koki. Hakuombi, anakuajiri. Mama yake anafua mashuka ya hospitali, jioni anarudi vidole vimevimba, na alikuwa akisema, "Kazini nina bosi mmoja, nikifika hapa namkuta mwingine, na huyu wa hapa hajui likizo." Tunacheka. Nyumba yetu ilikuwa na kicheko wakati ule, nataka hilo lijulikane.

Klabu ilikutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa, nyuma ya zahanati. Ilikuwa ya familia zenye watoto wa usonji: watoto wacheze, sisi wakubwa tupumue. Palikuwa na magodoro ya kurukia, matairi yaliyopakwa rangi, beseni la maharage makavu la kuzamishia mikono. Feni tuliizima kwa sababu ya mlio wake, na taa moja ndefu iliyokuwa ikivuma tuliifungua kabisa tukaitia kabatini. Aliyetuongoza ni bibi mmoja anayelea mjukuu wake. Tulimwita Bibi Kocha kwa kuwa shingoni alivaa ufunguo wa mlango na filimbi. Ufunguo aliutumia, maana watoto wetu wakiona mlango wazi hawaagi mtu. Filimbi hakuipuliza hata siku moja. Angeipuliza, nusu ya watoto wangepanda ukutani. Ukimwuliza ni ya nini, anakujibu, "Ya urembo, mwanangu."

Wanaume tulikuwa mimi peke yangu. Akina mama wakanibatiza Bwana Harusi, ingawa sijaona bwana harusi anayetumwa vile. Bwana Harusi, shusha magodoro! Bwana Harusi, maji yamekwisha! Mama yake Bosi Jumamosi huwa zamu, kwa hiyo nilikwenda mimi, nikabeba, nikatumwa, nikataniwa, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Wiki nzima nilikuwa nikiivumilia kwa ajili ya siku ile.

Sheria yetu kubwa ilizaliwa siku za mwanzo kabisa. Mama Pacha, ambaye watoto wake wawili wote wana usonji, alikuwa amekaa chini ya meza na mmoja wao aliyekuwa akijipiga kichwa na kupiga kelele. Sisi tukasimama pale tukimwonea huruma, yaani tukamkodolea. Yule mama akaangua kilio. "Jamani, msinitazame! Nimetazamwa mpaka nimechoka. Hata nyinyi?"

Bibi Kocha hakufikiri mara mbili. "Geukeni," akasema. "Wote. Tazameni ukuta."

Tukageuka. Tukasimama tukiutazama ukuta, halafu mtu akaanza kuzungumzia sabuni inayotoa madoa, mwingine akadakia, na mazungumzo yakaendelea kwa sauti ya chini kana kwamba hakuna kitu. Nyuma yetu kelele zikapungua, zikawa kwikwi, zikaisha. Mama Pacha akajifuta uso, akasema, "Tayari." Ndipo tukageuka, na hakuna aliyemwuliza neno.

Toka hapo ikawa hivyo. Mtoto akipandwa na dhoruba, ndivyo tulivyoita, mzazi wake anakaa naye na wengine tunawapa migongo mpaka mzazi aseme "tayari". Kama mzazi ametoka, aliye karibu anakaa badala yake. Mgeni angetuona watu wa ajabu. Kwetu sisi ilikuwa ndiyo heshima. Sijui kama nitaeleweka na mtu ambaye hajawahi kutamani ardhi impasukie katikati ya watu, lakini sikuwahi kupewa zawadi kubwa kuliko migongo ya wale akina mama.

Na hakuna aliyeishika sheria ile kama Bosi. Mwenyewe akimaliza dhoruba zake, basi akawa polisi wa dhoruba za wenzake. Ilikuwa neno "geukeni" halijatoka sawasawa, yeye keshafika ukutani, paji la uso limegusa rangi, mikono nyuma. Hageuki mpaka alisikie lile "tayari", tena alisikie vizuri. Siku moja Mama Pacha alisahau kulisema. Tukanywa chai, tukafagia, tukakunja magodoro, Bosi bado yupo ukutani. Ikabidi Mama Pacha aende nyuma yake, aseme kwa adabu, "Tayari, Bosi, samahani." Akageuka, akanikamata mkono, akaniburuta mlangoni. Kazi imekwisha, twende nyumbani. Tulicheka mpaka Bibi Kocha akatafuta kiti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Maji yaliisha mapema. "Bwana Harusi!" wakaita, na Bwana Harusi akachukua ndoo. Bosi alikuwa amejilaza nyuma ya magodoro yaliyopangwa pembeni, mahali pake pa kupumzikia, akivuta nyuzi za shuka. Nikamwambia Mama Pacha, "Nishikie Bosi, nateka maji." Akasema, "Nenda baba, nipo." Bibi Kocha akanifungulia, akafunga nyuma yangu. Bomba la uani lilikuwa likitoa maji kidogo kidogo. Nikasubiri nikipiga mluzi, nikimwaza mteja mmoja mwenye upara anayetaka kunyolewa kwa mtindo. Mtu hapewi dalili. Wanaosema moyo uliwashtuka, mimi wangu haukushtuka hata kidogo.

Yaliyotokea ndani niliambiwa baadaye, na kila mmoja alinieleza akilia, na yote yalilingana. Nyuma ya magodoro visigino vilianza kupiga sakafu. Sauti ya Bosi ikatoka, nzito, ya kukoroma. Mama Pacha alikuwa amempakata pacha mmoja aliyekuwa anaanza kusinzia. Akasema polepole, "Dhoruba." Wote wakageuka. Mama Pacha, kwa kuwa amebanwa, alidhani Bibi Kocha, aliyekuwa upande ule, ndiye aliyekwenda kukaa na mtoto. Bibi Kocha alidhani ni Mama Pacha, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa. Wengine walidhani ni mmoja kati ya hao wawili. Na kwa kuwa sheria ni kutotazama, hakuna aliyetazama. Wakazungumza kwa sauti ya chini, kuhusu viatu vya shule. Wakawa wanasubiri neno "tayari", na hapakuwa na mtu wa kulisema.

Mimi niligonga, nikafunguliwa na Bibi Kocha, ambaye alikuja akiangalia mlango tu. Nikaona migongo. Nikajua ni dhoruba ya mtu, nikajisemea, pole yake. Nikatua ndoo taratibu zisilie, nami nikageuka. Ndiyo. Nikasimama nikiutazama mlango ulionipitisha, nikihema, suruali imelowa maji, nikampa mwanangu mgongo.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Kilichonigutusha ni mkono wangu. Kila nikitoka nje na kurudi, Bosi alikuwa akija kunikamata kifundo, anikague, aniburute nikafanye alilokuwa akilisubiri. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Nikawa nimesimama pale na mkono wangu umening'inia, mtupu, hakuna anayeutaka.

Nikageuka. Nilivunja sheria, nikatazama. Nyuma ya magodoro palikuwa na mtoto mmoja peke yake. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, macho yamegeukia juu, na visigino havikuwa vikipiga tena bali vinatetemeka. Sikupiga kelele. Nilimbeba, nikasikia nyuma yangu mtu akisema, "Mungu wangu, nani alikuwa naye? Nani alikuwa naye?" Na filimbi ya Bibi Kocha ikalia kwa mara ya kwanza, akiwaita watu wa zahanati, na watoto wote ukumbini wakapiga mayowe kwa pamoja.

Zahanati ilitupeleka hospitali. Mama yake alitoka chumba cha kufulia mbio, aproni inachuruzika maji, akasimama upande wa pili wa kitanda. Daktari, kijana mpole, alisema ni kifafa, kwamba watoto wa usonji baadhi yao hupata wakifikia umri wake, wa kubalehe, kwamba si kosa la mtu. Kisha akasema degedege lilidumu mno. Hilo neno mno alilirudia, kisha akatuacha.

"Mlikuwa wangapi mle ndani?" mke wangu akaniuliza.

"Wengi."

"Na wote mlikuwa mnatazama ukuta."

"Ndiyo, mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Sikutaka kumficha, na hata ningetaka nisingeweza, uso wangu ulikuwa wazi. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Alichofanya ni kuinama na kuunyoosha ukingo wa shuka alilolalia mtoto, shuka ambalo pengine alilifua mwenyewe, akalinyoosha na kulinyoosha tena mpaka muuguzi akaja kumwambia apumzike.

Bosi alipona. Ndilo neno walilolitumia. Alirudi nyumbani akiwa na dawa za asubuhi na jioni, na mahali unapomweka ndipo unapomkuta. Anakula akilishwa. Anatembea akishikwa mkono, lakini yeye hamshiki mtu. Yale maneno machache yamekwenda. Mkono wake ukiuweka juu ya kifundo changu unakaa kidogo, halafu unateleza.

Nilikuwa nikimnyoa kwa mkasi tu, akiwa amelala, maana mashine ilikuwa ikimtia wazimu, na majirani walikuwa wakinicheka kwamba kinyozi mzima ana binti mwenye kichwa cha ngazi. Juzi niliwasha mashine kando ya sikio lake. Hakupepesa. Nikamnyoa kichwa chote vizuri, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Na mtaa unatupongeza! Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. "Mtoto katulia siku hizi! Kawa mwanamwali. Mmempeleka kwa nani?" Mama mmoja wa foleni ya dukani, yule wa mchapeni, alimpapasa shavu akamwambia, "Sasa ndiyo mtoto mzuri." Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Macho yamekwisha barabarani. Tunapita naye na hakuna anayegeuza shingo. Nilikuwa nikiliombea hilo kila siku, na limekuja hivi.

Yule daktari alitupa uzi mmoja wa kushikilia. Alisema tumrudishe kwenye mambo aliyoyapenda, mahali alipopazoea, kwa kuwa wakati mwingine kilicholala huamka. Wakati mwingine, akasema, msinishike kwa hilo. Nilimshika kwa hilo. Mke wangu alikataa kwenda klabu. "Siwachukii," alisema. "Nawajua, wangekata vidole vyao wampe. Ila sitaki kuwaona." Basi Jumamosi nikaenda mimi na Bosi, kama zamani, na nia yangu ilikuwa moja tu: siku moja mle ukumbini mwanangu anikamate tena mkono.

Walitupokea kwa kilio, wakalia, wakamaliza. Hakuna aliyeniita Bwana Harusi. Halafu Bibi Kocha akaniweka kando. Alikuwa amevua filimbi, shingoni umebaki ufunguo tu.

"Baba, ile sheria hatujaigusa tangu siku ile. Tumekuwa tukiomba tu watoto watulie. Wewe ndiye wa kusema. Ukisema ibaki, itabaki. Ukisema tuiache, tutaiacha, na hakuna atakayenung'unika."

Niliwaangalia. Mama Pacha alikuwa ameinamia maharage, anajifanya hasikii. Nilijua jibu langu lingemfika yeye kwanza. Lakini nilikuwa nimemwona mwanangu na midomo ile, na mtu aliyekwisha kuona kile hana tena ukarimu wa kugawa.

"Tazameni," nikasema. "Kila mtoto, kila mara. Mtazame mpaka mwisho."

Wakatazama. Mmoja wa mapacha alipandwa na dhoruba wiki iliyofuata, na shingo zote zikageuka kwa pamoja. Waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea, wakamkagua midomo, macho, visigino. Walitazama kwa mapenzi, naapa. Lakini yule mama pale chini hakuyaona mapenzi, aliona macho. Aliinua uso akanitafuta mimi miongoni mwa wote, kisha akavuta shuka, akajifunika yeye na mwanawe wakabaki kama mzigo katikati ya sakafu. Shuka lilikuwa likitikisika. Sisi tuliendelea kulitazama.

Hakurudi. Nilimpitia nyumbani, akanikaribisha, akanipa kiti. "Sijakasirika, baba," akasema. "Una haki. Ila huko sasa natazamwa kama kituo cha basi, na kituo cha basi kiko karibu zaidi na kwangu." Baada yake wengine wakaanza kupata udhuru: wageni, mafua, mjomba anaumwa. Sikumlaumu mtu. Walikuwa wakija mahali pale kufichwa kidogo, na mimi ndiye niliyepaondolea paa. Mwisho Bibi Kocha mwenyewe akanikabidhi ufunguo. Mjukuu wake alikuwa hapendi ukumbi mtupu, mwangwi unamtisha. "Ukichoka, urudishe zahanati," akasema. Akanishika kichwa kama mtoto, akaenda zake.

Leo nimekwenda na Bosi peke yetu. Nilishusha magodoro yote, nikapanga matairi, nikamwaga maharage katika beseni na kumzamishia mikono. Ilikaa tu mle. Nilimwonyesha shuka lake la nyuzi. Nikaimba wimbo ambao klabu tuliuimba kila tukiagana, mimi nisiyejua kuimba, nikaurudia kwa sauti za watu wote, ya Mama Pacha ya juu na ya Bibi Kocha ya kukwaruza. Niliruka juu ya godoro kwa umri huu nilio nao. Kisha nikasimama mbele yake, nikamnyooshea mkono, kifundo juu, nikangoja. Aliutazama mkono kama anavyotazama kiti.

Hapo ndipo niliposhindwa. Sikuwa nimelia hospitali, wala nyumbani, wala siku ile ya mashine. Nilikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi na kilio kikanitoka vibaya, kwa sauti, mate na makamasi, nikipiga sakafu kwa kiganja. Mtu mzima. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka kutazamwa. Nilitaka mtu yeyote, hata yule mama wa foleni, aje asimame na kunikodolea macho ajue kwamba kuna mtu hapa.

Nikasikia nyayo. Nikainua uso. Bosi alikuwa ameinuka mwenyewe, bila kushikwa, mara ya kwanza tangu hospitali. Moyo ukanipasuka kwa furaha, nikanyoosha tena mkono. Alinipita. Alitembea taratibu mpaka ukutani, akaweka paji la uso kwenye rangi, akaweka mikono nyuma, akasimama.

Amesimama hapo ananipa mgongo, kwa adabu zote, kama tulivyomfundisha. Nikisema lile neno moja, labda atageuka. Nimefungua kinywa mara nyingi, na kila nikifungua kinatoka kilio tu, naye anaendelea kusubiri.